Nyumba Kati ya Mifereji Miwili

Same, Ijumaa, 1 Machi 1974

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo la jiografia. Kurasa zake za nyuma zimebaki tupu, na mimi si mtu wa kutupa karatasi. Mwaka jana nilianza shajara nikaishia siku ya nne. Safari hii nitaandika masika yote, mvua itake isitake.

Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi. Huku chini bado vumbi. Mke wangu Hedwiga ameanika mahindi na kuyaanua mara tatu, na mara zote tatu lawama nimepewa mimi, eti mwalimu wa jiografia nisiyejua mvua itanyesha lini.

Jumatatu, 4 Machi

Nimepata jogoo. Ameletwa na Rogathe, mama anayeshuka na ndizi kutoka Myamba kuja kuuza hapa sokoni. Jogoo ni asante ya wazee wa Ikongwe, kitongoji nilichozaliwa, kwa ramani niliyowachorea likizo ya Desemba.

Watu wote waliotawanyika wametakiwa wakae vijijini, na Ikongwe imegawanywa. Walio juu ya mfereji wa maji wataandikwa katika kijiji cha juu. Walio chini ya mfereji watahamia kijiji kipya cha bondeni, ambacho wamekipa jina la Tupendane. Ilihitajika ramani, na nani aichore kama si mwalimu aliyezaliwa pale pale? Barua yao ilinikuta hapa Same. Niliichora siku mbili, nimekaa mezani, nyumba kwa wino mweusi na mfereji kwa wino wa bluu. Sikuhitaji hata kupanda mlima. Ikongwe naijua kwa moyo, jiwe kwa jiwe. Ni ramani nzuri, na anayesema najisifu aje achore yake.

Rogathe ameleta na salamu za mama. Anauliza kama nyumba ya mwalimu ina chumba chenye dirisha. Nimecheka. Mama ana miaka zaidi ya sabini na haishi kuuliza mambo.

"Mwambie yapo madirisha mawili, na yote hayafungi vizuri," nikamjibu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Jogoo amelowa, amenuna.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimewafundisha Kidato cha Nne jinsi vipande vya mabara vinavyoachwa katikati ya bahari. Halimo sana katika muhtasari, lakini nimelipenda jambo hili tangu nilisome katika jarida aliloniachia mkaguzi mmoja. Kitabu ni cha Kiingereza. Mimi hufunga mlango nikawafafanulia kwa Kiswahili, kwa kuwa nataka waelewe, si wakariri.

Nilikwenda na kiporo cha ugali kwenye sahani. Nikawaambia, hili ndilo bara, nene na zee. Chini yake kuna joto. Bara likivutwa pande mbili linatanuka, linakuwa jembamba, mwisho linapasuka. Ndani ya ufa mawe yaliyoyeyuka yanapanda, yanapoa, yanakuwa sakafu mpya ya bahari. Ndivyo Bukini, yaani Madagaska, ilivyotoka ubavuni mwa Afrika, ingawa wataalamu bado wanabishana ilikaa wapi hasa. Mawe ya milima yetu hii yana ndugu zake kule. Baadaye Bara Hindi na Shelisheli, zikiwa bado zimeshikana, zikaachana na Bukini, na bahari ikafunguka kati yao. Kisha ule ufa ukafa. Mvutano ukahamia upande wa pili, ukakata kati ya Shelisheli na Bara Hindi. Bara Hindi ikaenda zake kaskazini. Shelisheli ikabaki peke yake, maji mbele, maji nyuma, na mawe yake ya zaidi ya miaka milioni mia sita yamezungukwa na mawe machanga ya baharini.

Nilikata ugali upande mmoja, kisha upande wa pili, nikawaonyesha kipande kilichobaki katikati ya sahani.

Ziada akanyoosha mkono. Huyu ni binti wa mkata mkonge aliyetoka Kigoma, na maswali yake hunitoa jasho kuliko ya mkaguzi.

"Mwalimu, ufa ulikuwa umeshaanza kule. Kwa nini uhame?"

"Sakafu ya bahari ikishapoa inakuwa ngumu. Ukingo wa bara ukipashwa joto kutoka chini unalegea. Basi inakatika palipolegea."

"Na hicho kipande sasa kinahesabiwa cha bara gani?"

"Hakihesabiwi. Ni kipande tu."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Ugali nikampelekea jogoo.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Rogathe amekuja na ndizi chache na salamu tele. Mama anauliza bomba la maji liko umbali gani na nyumba yetu. Nikamwambia ni hatua ishirini. Anauliza pia kama majirani ni watu wa kusalimiana.

Jumapili, 17 Machi

Barua kutoka kwa kaka yangu Nathanaeli. Wiki iliyopita familia yake imehamia Tupendane, lori limebeba mabati na milango. Nyumba zote chini ya mfereji zimebomolewa. Halafu, mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Mama amebaki kule juu. Hataki kuja. Njoo uzungumze naye."

Nimeisoma barua mara mbili na damu imenichemka. Nathanaeli ndiye mkubwa. Ndiye aliyeishi hatua chache tu kutoka kwa mama tangu baba afariki. Mimi nipo Same kwa sababu kazi iko Same. Anamwachaje mama kizee mgongoni mwa mlima masika haya, yeye na mkewe na milango yake wapande lori? Mambo mengine hayahitaji elimu, ni utu tu.

Nimemjibu kwa maneno makali. Nitakwenda mwenyewe Pasaka, shule ikifungwa.

Jumatano, 20 Machi

Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Daftari za wanafunzi zinanuka ukungu.

Jumatatu, 25 Machi

Rogathe tena. Mama anauliza kama jua la Same linaunguza kweli kama watu wanavyosema, na kama maharage ya mlimani yanaota huku.

Hedwiga alikuwa anachambua mchele. Rogathe alipoondoka akasema, "Baba Eliaichi, mtu haulizi dirisha na bomba na majirani bure. Mama anataka kuhamia kwetu."

"Mama yangu? Huyo hata Gonja hajalala siku mbili. Anauliza kwa kuwa hana wa kuzungumza naye, kaka kamwacha."

"Haya," akasema, akaendelea na mchele. Hedwiga akisema haya, maana yake utakuja kuniambia.

Ijumaa, 5 Aprili

Ziada alinisimamisha baada ya kipindi. Ametazama ramani ya ukutani, haelewi. Kama Shelisheli ni kipande kikubwa cha bara, mbona visiwa vyenyewe ni vidogo hivyo? Swali zuri. Nikamweleza kwamba gamba la bara likishanyooshwa jembamba linakaa chini zaidi, na kadiri lile joto la mwanzo linavyoondoka, linapoa na kuzama polepole. Sehemu kubwa ya kipande iko chini ya maji. Tunaona vilele tu.

"Kwa hiyo kinazama kwa sababu ya baridi," akasema.

"Ukipenda."

"Na hakipigi kelele."

Nikamwambia aende akale, chakula kitaisha.

Ijumaa Kuu, 12 Aprili

Nilikuwa kituoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kikapu, sukari kilo mbili, kanga moja mpya. Basi la Gonja haliendi. Maji yamechukua daraja upande wa Kisiwani. Kondakta anasema labda wiki ijayo, labda isiyo hiyo.

Niandike ukweli, kwa kuwa hili daftari halisomwi na mtu. Nilirudi nyumbani nimepumua. Sijapanda Ikongwe miaka miwili na miezi kadhaa. Kila nilipotaka kwenda palikuwa na mitihani, au semina, au shamba la shule. Kupanda ule mlima, kukaa mbele ya mama na kusikiliza mvua, kumwona jinsi alivyopungua, ni jambo ninalolipenda zaidi likiwa la wiki ijayo.

Jumapili, 14 Aprili. Pasaka

Tumemchinja jogoo. Mvua imenyesha tangu kanisani hadi jioni.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo mstari mmoja hautatosha.

Nathanaeli amekuja. Ametembea sehemu ya njia na kudandia lori sehemu iliyobaki, ametumwa na kijiji kufuata majembe. Alifika amelowa hadi kwenye nywele. Hedwiga akampa chai, shuka na shati langu. Mimi sikungoja hata amalize kikombe.

"Kaka, umemwacha mama."

Akaweka kikombe chini. Nathanaeli si mtu wa maneno. Tangu utotoni mimi ndiye niliyesema kwa ajili ya wote wawili.

"Nimemwomba mara tatu," akasema. "Anasema hakusomwa."

"Hakusomwa nini?"

"Majina, Tumainieli. Wewe hujui ilivyokuwa? Kwanza kulikuwa na baraza la kijiji cha juu. Katibu akasoma majina ya watakaobaki. Mama alikwenda, akasimama mpaka majina yakaisha. Hakusomwa. Tukasema basi yumo kwetu, Tupendane. Siku ya baraza letu akateremka na mzigo wake kabisa kichwani, amevaa vizuri. Majina yakasomwa, yakaisha. Akajitwika mzigo wake akaupandisha tena mlima. Nilimfuata nyuma, hakutaka nimpokee."

Hedwiga aliacha kukoroga alichokuwa anakoroga.

"Ungemchukua tu akakae kwako," nikasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Nilimwambia hivyo. Akasema, 'Mimi si wa kujificha nyumbani kwa mtu. Kijiji ni cha waliosomwa. Aliyeandika anajua kwa nini.'"

Nikasema haiwezekani. Nyumba ya mama iko chini ya mfereji, mita chache tu, mfereji unapita nyuma ya jiko lake, kila mtu anajua. Kwa hiyo ni wa Tupendane. Nikaenda kutoa nakala ya ramani kwenye droo, nikaitandaza mezani mbele yake. Nikamwonyesha: huu hapa mfereji kwa bluu, hii nyumba ya mama, iko chini.

Nathanaeli aliiinamia. Kidole chake kina ukucha mweusi wa jembe. Akakiweka juu ya mstari wangu wa bluu.

"Huu ni mfereji wa babu," akasema. "Umekufa. Udongo ulimomonyoka juu ya nyumba ya mama, masika ya mwaka juzi. Tulichimba mwingine chini ya nyumba, unapita katikati ya migomba yake. Pembe ilipigwa siku tisa. Uliletewa habari."

Niliketi.

Niliitwa, ni kweli. Kwetu likiwapo msaragambo, kazi ya wote, hupigwa pembe, na hata aliye mbali hupelekewa neno, maana maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ni ya ukoo mzima na bwawa halimjui mwalimu wala mkulima. Asiyeweza kwenda hutoa udhuru. Nilituma udhuru, mitihani. Sikuuliza wanachimba nini wala wapi. Halafu baada ya mwaka na nusu nikakaa mezani nikachora mfereji ulio kichwani mwangu.

Kijiji cha juu wakafuata ramani yangu. Katika ramani mama yuko chini ya mfereji, si wao. Watu wa Tupendane hawakuhitaji ramani, walipanda mlima kwa miguu hadi mfereji ulipo, wakahesabu nyumba zilizo chini yake. Mama yuko juu yake, si wao. Pande zote mbili wamefanya kazi yao sawasawa. Mimi ndiye niliyekata huku, na mfereji ukakata kule, na mama yuko katikati na hana hata jirani mmoja, kwa sababu wa chini wamehama na wa juu wako ng'ambo ya bonde lililobomoka udongo ulipomomonyoka.

"Nilidhani umefanya kwa makusudi," Nathanaeli akasema. "Nilidhani mna mpango wenu, wewe na mama. Ndiyo maana barua yako ilinishangaza."

Nimemwomba radhi. Akasema, "Yameisha," na akalala sakafuni, akakataa kitanda chetu.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimeandika barua kwa makatibu wote wawili. Nimeeleza kosa, nimeambatanisha mchoro. Kaka amezichukua. Nilitaka kuongozana naye. Mkuu wa shule akasema mitihani ya majaribio inaanza kesho, jiografia ni Ijumaa, nani atasimamia? Sikubishana naye sana. Nilijiambia barua itafika kabla yangu.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Katibu wa kijiji cha juu amejibu kwamba jambo limepokelewa na litajadiliwa halmashauri itakapokaa. Mwandiko mzuri. Wa Tupendane hajajibu. Hedwiga ametoa madaftari yote kwenye kile chumba kidogo na kukipaka chokaa. Hakuniuliza.

Jumatatu, 6 Mei

Rogathe amefika saa nne, bila ndizi. Alikuja moja kwa moja hadi mlangoni pa darasa, jambo asilolifanya kamwe.

"Mwalimu, mama hajaonekana gulioni wiki mbili. Waliomwona mara ya mwisho wanasema anakohoa, kifua kimembana."

"Nani yuko naye?"

"Yupo nani, mwalimu? Bonde limejaa maji, hatuvuki. Tunatazama moshi tu. Moshi ukitoka tunasema mama yupo."

Nimemwambia mkuu wa shule naondoka. Sikumwomba.

Jumanne, 7 Mei. Kisiwani

Basi limefika hapa likazama hadi ekseli. Tumesukuma watu thelathini. Limezama zaidi.

Jumatano, 8 Mei

Nimetembea. Lori la mbao limenifikisha Gonja. Mvua imeacha, na milima yote iko wazi, kijani mpaka inauma macho. Nimekaa kwenye kibaraza cha duka, mto unanguruma mbele yangu, wanasema kesho utapungua. Nimetafuta moshi kule juu. Kutoka hapa huwezi kuona.

Alhamisi, 9 Mei. Ikongwe

Mama amefariki.

Nimefika saa nne asubuhi. Nilimkuta Mzee Melkizedeki ameketi mlangoni pa mama, fimbo kati ya magoti. Huyu ndiye mzee wa ndiva, afunguaye maji asubuhi na kuyaziba jioni, tangu mimi mtoto. Nilimpa shikamoo. Akaitikia marahaba kwa sauti ndogo, akanishika mkono, hakuuachia. Ndipo nikajua.

Alifariki juzi, Jumanne. Siku ile mimi nilikuwa nasukuma basi. Jana asubuhi, maji ya bonde yalipopungua, mzee alivuka kukagua kingo za mfereji mpya, akatazama juu, hakuona moshi. Akapanda. Mlango haukuwa umefungwa.

"Alikuwa wapi?" nikauliza.

"Juu ya kigoda, pale karibu na mlango, amejiegemeza ukutani. Amevaa viatu."

Ndani palikuwa pamefagiwa. Matandiko yamekunjwa, vyungu vimefunikwa. Na karibu na kigoda kulikuwa na mzigo umefungwa kwa kamba ya mgomba, fundo lile la mama lisilofunguka mpaka ulijue. Nililifungua. Kanga mbili. Kitabu cha nyimbo. Picha yangu ya siku ya kuhitimu chuo cha ualimu. Maharage ya mbegu ndani ya kitambaa. Na jiwe la kusagia, lile dogo la juu la kushika mkononi. Lile kubwa la chini limo jikoni palepale, haliwezekani kubebwa. Nilipokuwa nasoma niliwahi kumwambia kwamba jiwe lake la kusagia lina ndugu yake Bukini, ng'ambo ya bahari. Akaniuliza, "Na nani alimwacha mwenzake?" Nikamwambia mawe hayaachani, yanatengana. Akasema, "Kwa anayebaki ni kitu kimoja."

Mzee Melkizedeki alingoja nimalize kulia. Hakuniambia nyamaza. Kisha akasema:

"Mama yako hakuwa na uchungu na wewe, usifikiri hivyo. Tulimwambia, Rahabu, njoo uvuke huku kwetu, utakaa hata bila kuandikwa. Akatucheka. Alituambia, 'Ninyi hamjaelewa. Ramani kachora mwanangu. Angetaka nibaki, angeniandika juu. Angetaka nimfuate Nathanaeli, angeniandika chini. Hakuniandika kokote kwa kuwa ananichukua yeye. Anatengeneza chumba.' Alijivunia jambo hilo. Kila aliyepita alimwambia chumba kina madirisha mawili."

Madirisha mawili. Maneno yangu yale ya mzaha.

Sikuweza kumwambia mzee ukweli. Afadhali abaki akidhani nilikuwa nakuja. Nilikuwa nakuja kweli, lakini si kwa sababu ile, na si kwa wakati.

Hili nalo liandikwe. Ni mama aliyeruhusu mfereji mpya upite katika migomba yake. Alikata migomba kumi na mmoja kwa mkono wake na akawapikia uji wachimbaji siku zote tisa. Nathanaeli ameniambia leo, tukiwa tunachimba kaburi.

Jumamosi, 11 Mei

Jana tumemzika, karibu na baba.

Walikuja wote. Pembe ilipigwa asubuhi kuita watu waje kuvusha wengine, na wa juu walishuka wakatupa magogo juu ya bonde lililobomoka, wa Tupendane wakapanda wakavuka mfereji mpya. Sijaona Ikongwe imejaa hivyo tangu utoto. Makatibu wote wawili walikuwepo na vitabu vyao kwapani. Kila mmoja alinijia pembeni, akaniambia barua yangu ilipokelewa na mama angeingizwa kwao. Walisema kwa huruma. Niliwashukuru.

Mimi ndiye niliyepangiwa kusoma wasifu wa marehemu, kama mwalimu. Nilikuwa nimeuandika vizuri. Nikasoma: Marehemu mama yetu Rahabu alizaliwa Myamba, akabatizwa, akaolewa hapa, akajaliwa watoto watano, watatu wakatangulia. Hadi mauti yanamfika alikuwa mkazi wa.

Nilikuwa nimeacha nafasi. Usiku uliotangulia sikujua nijaze nini nikaacha, nikisema neno litakuja. Halikuja. Nilisimama mbele ya watu wote hao na karatasi mkononi. Nilimwona Rogathe amejifunika uso. Makatibu walitazama chini.

Nathanaeli, ambaye hajawahi kusema neno mbele ya watu kumi, akaja akaichukua karatasi mkononi mwangu polepole. Kusoma kwake ni kwa kutafuta herufi kwa herufi. Akatafuta pale nilipoishia.

"Mkazi wa hapa," akasema. Akaendelea kusoma hadi mwisho, kwa taabu, na hakuna aliyesogea.

Masika haya yote nimemwandika humu ndugu yangu kama mtu asiye na utu. Sifuti, ila nataka ionekane kwamba nimeona.

Jumatatu, 20 Mei. Same

Nimerudi kazini. Jiwe la kusagia liko juu ya meza katika kile chumba cha chokaa. Hedwiga hakuniambia "nilikuambia". Ningependa aliseme.

Ijumaa, 24 Mei

Mvua ndogo.

Jumatano, 29 Mei

Nimesahihisha karatasi ya Ziada ya ile mitihani ya majaribio. Swali la sita nililitunga mwenyewe mwezi wa nne: Eleza jinsi kipande cha bara kinavyoweza kutengwa na bahari. Amejibu vizuri kuliko kitabu: mvutano, kukonda, ufa, ufa kuhama, kupoa, kuzama. Mwisho ameongeza sentensi ambayo haikuulizwa: "Kipande hicho hakihesabiwi." Nilimpa alama zote kabla sijaifikia sentensi hiyo. Nilipoifikia nilitoka nje nikasimama kibarazani.

Nilipowarudishia karatasi niliwaambia kuna kosa, na kosa ni langu, si lao. Nikasema kipande kile kinahesabiwa. Ukichukua jiwe lake ukalipima, umri wake uko mle mle, haukubadilika kwa kuwa maji yamekizunguka. Asiyekihesabu ni mchora ramani asiyekwenda kutazama.

Wakaandika hivyo. Wamezoea kuandika ninachosema.

Jumatatu, 3 Juni

Jua tangu asubuhi. Masika yamekwisha. Hedwiga amepanda yale maharage chini ya dirisha, mistari miwili.

Leo nimeletewa fomu ofisini kutoka kwa wale makatibu wawili. Wanataka ramani sahihi ya Ikongwe kabla ya Juni kwisha, ili orodha zirekebishwe. Safari hii nimeichora kutokana na vipimo. Siku ile baada ya maziko mimi na Nathanaeli tulipima kwa hatua, yeye akihesabu, mimi nikiandika. Mfereji wa babu nimeuchora kwa nukta, maana haupo tena. Mfereji mpya kwa bluu, katikati ya migomba. Nyumba ya mama kwa wino mweusi, juu ya mfereji, ndani kabisa ya kijiji cha juu. Kila kitu kiko mahali pake.

Fomu ina safu upande wa kulia. Kwa kila nyumba, idadi ya wakazi. Nimezijaza zote kwa mpangilio, nyumba ya kwanza sita, ya pili tisa, ya tatu wanne, hadi nikafika ile ya mama. Nilikaa mpaka wino ukakauka kwenye kalamu. Nikaichovya tena.

Nimeandika: mmoja.